Fundi wa Platini wa Soni

Ukimpelekea Fundi pikipiki iliyogoma kuwaka, kitu cha kwanza alichokitaka ni mkono wako. Hakukuuliza imeanzaje wala imezimikia wapi. Alichomoa waya wa plagi, akakukabidhi ncha yake isiyo na mpira, akasema, "Shika hapa," kisha akaikanyaga kiki kwa uzito wake wote. Kama umeme ulikuwepo, wewe ndiye uliyeujua kwanza. Mkono ulirushwa mpaka begani, meno yakagongana, na watu waliokaa kwenye benchi la duka la jirani wakacheka hadi wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Alikutazama usoni kwa makini kama mtu anayesoma saa, akasema, "Moto upo," akaendelea na kazi. Kama hukurushwa, alisema, "Moto hakuna," na hapo ulijua kwamba shida iko kwenye platini na siku yako imeishia hapo hapo Soni.

Kwa asiyezijua, platini ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyokaa ndani ya kifuniko ubavuni mwa injini, kila kimoja hakizidi punje ya dengu. Vinagusana na kuachana, na kila vinapoachana ndipo cheche inaruka kwenye plagi. Vikikaa mbali mno, au karibu mno, au vikichafuka, pikipiki inakuwa mzigo wa kusukuma. Siku zile pikipiki za milimani kwetu zilikuwa chache, karibu zote za Kiingereza, zilizoachwa na wamisheni na mabwana wa mashamba ya chai, nyingine zimezeeka kuliko waliozipanda. Na mtu wa kuzijua platini zake, kutoka Lushoto mpaka Mombo, alikuwa huyo mmoja. Angekuwapo wa pili, nusu ya haya nisingekuwa nayo ya kusimulia.

Mimi nilikuwa nesi mkunga wa zahanati moja juu ya Soni. Uhuru ulipokuja, daktari wa misheni alirudi kwao, pikipiki yake ikabaki imeegemea ukuta wa stoo. Mhudumu wa zahanati aliiogopa, mlinzi alikuwa na mguu mbovu, basi nikaipanda mimi. Nilivaa gauni langu jeupe na ndani yake suruali ya kaka yangu, na wazee wa kanisa walikaa kikao juu ya suruali ile. Baadaye walinizoea, maana wake zao walikuwa wanazaa usiku na mchana na mimi nilikuwa nafika. Fundi peke yake hakunizoea. Nilipoipeleka pikipiki kwake mara ya kwanza nikamwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, akachungulia nyuma yangu kuona mwanamume aliyenileta yuko wapi. Alipoona hayupo, alinipa waya.

Nilirushwa mpaka kofia yangu ya unesi ikaanguka kwenye tope. Nilikuwa nimezalisha usiku kucha na sikuwa na nguvu hata ya kukasirika, nikalia pale pale mbele ya benchi zima. Aliniambia moto upo, na kwamba nikimaliza kulia nisogee, nimemkalia spana.

Alikuwa mrefu, shingo nyembamba, na alivaa koti zito la sufu hata jua likiwa kali. Mikono yake ilikuwa misafi kuliko ya fundi yeyote niliyewahi kumwona. Aliiosha kwa majivu na sabuni ya kipande kila alipomaliza pikipiki moja kabla ya kugusa nyingine, na kucha zake ungedhani ni za karani. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, hakumpiga mkewe wala mtoto wa mtu. Ukatili wake haukuwa wa fimbo. Pia hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alitengeneza, akaikanyaga mpaka ikanguruma, akaisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaizima na kwenda zake kwa miguu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anajua kilichomo ndani yake.

Na aliimba. Hili ndilo lililokuwa likinichanganya. Katika kwaya ya kanisa letu la Kilutheri alikuwa sauti ya nne, na alipoanza kushusha ile sauti kwenye nyimbo za mazishi, hata watu aliowatukana Jumamosi walitoa vitambaa Jumapili. Nimemwona akimwimbia marehemu aliyekuwa hasemezani naye, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola ya koti. Kesho yake alimwambia mjane, aliyekuja kuchukua pikipiki ya mumewe, kwamba marehemu alikuwa anaua injini kwa gia ndogo na pengine hata moyo wake aliuendesha hivyo hivyo.

Ukutani kwake palikuwa na misumari, na kwenye kila msumari pameninginia platini iliyoharibiwa na mwenyewe. Mtu akichoka kumngoja, akajitia ujuzi na kuisugua platini kwa msasa au kisu, Fundi aliitoa, akaweka nyingine, na ile iliyoharibika akaitundika na kumtaja mwenyewe kwa sauti mbele ya watu. Hakuandika majina, aliyakumbuka. Palikuwa na msumari wa katekista, wa mwenye duka la maharage, na wa mwalimu mkuu wa shule yetu, aliyekwangua platini zake kwa wembe mpaka zikawa kama meno ya bibi kizee. Kila mgeni aliyefika pale alisimuliwa habari ya mwalimu mkuu. Watoto wa shule walipita njia ile kila siku, wakaisikia, na darasani wakawa wanachekea chini ya madawati. Mwalimu aliomba uhamisho akaenda Mnazi, huko tambarare kwenye joto na mbu, na platini zake zilibaki ukutani. Mwalimu aliyekuja badala yake alisimuliwa siku ya kwanza alipokwenda kuuliza bei ya tairi.

Lakini kazi yenyewe ya kuzipima zile platini hakuna aliyewahi kuiona. Alipofungua kifuniko alijifunika gunia kichwani pamoja na ule ubavu wa injini, kama wapiga picha wa zamani walivyokuwa wakifanya, na ukasikia tu pumzi zake na bisibisi ikigusa chuma. Aliwahi kuchukua kijana wa kujifunza, mpole kutoka Bumbuli, akakaa naye misimu mingi ya mvua, kijana akimwoshea plagi na kumchotea maji. Siku kijana alipoomba kuingiza kichwa ndani ya gunia, Fundi alimwambia arudi kwao akalime viazi, kwa sababu viazi havina siri. Yule kijana alikwenda Tanga, na nasikia alifanikiwa, ila si kwa pikipiki.

Mimi nilimwomba anifundishe mara nyingi kuliko kijana yule. Nilimweleza kwa adabu. Nilimwambia kwamba mwenye duka akizimikiwa njiani anachelewesha maharage, lakini mimi nikizimikiwa kuna mwanamke amelala mahali akinisubiri, na hawezi kuambiwa angoje mpaka Fundi aamke. Sikutaka ufundi wake wote. Nilitaka nijue kufungua kile kifuniko, nione tatizo, niifikishe pikipiki nilikokuwa nikienda. Alinijibu kwamba Mungu aliwapa wanawake uchungu wa kuzaa ili wasiwe na haraka. Watu wa benchi walicheka. Nilimchukia siku ile, na sikuona sababu ya kuacha.

Kulikuwa na jambo moja kuhusu Mombo ambalo sisi watu wa juu tuliliamini kabisa. Tuliamini kwamba pikipiki iliyozoea baridi yetu haiwezi joto la Mombo. Ushahidi ulikuwepo: mtu alishuka kutoka Soni pikipiki ikiimba, akafika tambarare, na hapo penye jua na mkonge ikazima kama mtu aliyekata roho. Tukasema Mombo imeikataa. Basi kabla ya kushuka, wenye pikipiki walisimama Soni, wakachuna maganda ya mgomba, wakayalowesha mtoni na kuifunga injini nayo pande zote kwa kamba ili iende imepoa. Ungeona pikipiki imevalishwa migomba kama mwali wa ngoma. Fundi alikuwa amekaa pale pale akiwatazama wakifunga. Kuna siku nilimsikia akimshauri mtu aongeze ganda moja upande wa chini, na yule mtu akamshukuru.

Kumbe si kila pikipiki ilikataliwa na Mombo. Ningekuwa na akili ningeona mapema kwamba waliokataliwa ni wale waliokuwa wamemuudhi Fundi siku za karibuni: aliyesema kazi yake ni ghali, aliyekosoa kwaya, aliyeonekana akimpelekea Mhindi mmoja, fundi wa Korogwe, pikipiki yake. Waliokuwa wapole kwake walishuka na kupanda bila shida, na sifa zote zikaenda kwa lile ganda la mgomba.

Sasa niseme habari ya binti yake, maana bila huyo mtu atadhani nasimulia habari za shetani. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa kijijini kwetu, karibu na zahanati. Binti huyo alimcheka baba yake usoni. Alimwita "mgosi wangu" mbele za watu, kama wanaume wa Kishambaa wanavyoitana, akamvuta kola ya koti na kumwambia ananuka petroli, na yule mtu ambaye mchungaji mwenyewe alikuwa akimwogopa aliinama chini akatabasamu. Kila Jumapili baada ya ibada alipanda mpaka kwa binti, hakuingia ndani kwa heshima ya mkwe, akakaa kwenye jiwe la mlangoni, akala viazi alivyochemshiwa na binti, wakazungumza Kishambaa kwa sauti ya chini mpaka jua likashuka. Sijui walikuwa wakizungumza nini. Nilipita njia ile mara nyingi na sikuwahi kuona uso wa mtu umepumzika kama ule.

Siasa ya ujamaa ilipofika kwetu, kila kitu kilitafutiwa namna ya kuwa cha wote: shamba, ng'ombe, duka. Katibu wa tawi akaona ufundi nao uwe wa wote. Aliitisha mkutano uwanjani Soni, akasema Fundi atapewa banda la kijiji na vijana wa kuwafundisha, na ujuzi ambao mtu mmoja ameufunika gunia utaletwa mwangani. Watu walitazamana. Wote walikuwa na pikipiki, au shemeji mwenye pikipiki, na wote waliogopa. Nikasimama mimi. Nilisema naunga mkono, na nikaongeza kwamba mtu anayeona wenzake wakisukuma pikipiki mlimani naye anajua dawa yake, huyo ni mnyonyaji kuliko bwana wa chai. Neno mnyonyaji siku zile lilikuwa zito. Watu walinipigia makofi, nami nilifurahi, sitaficha.

Fundi alisimama mwishoni kabisa, kofia mkononi. Alisema banda la kijiji linavuja, akakaa. Mkutano ukaisha hivyo.

Wiki iliyofuata pikipiki yangu ilianza kukohoa. Nilikaa nayo nikijishauri, lakini sikuwa na mahali pengine pa karibu pa kwenda, nikaipeleka. Nilijiandaa kwa matusi ya mwaka mzima. Aliitikia salamu yangu, akaingia ndani ya gunia, akatoka, akaikanyaga ikawaka vizuri, akanirudishia. Hakunipa waya. Hakusema neno hata moja. Nilikwenda zangu nikidhani mkutano umemtia adabu, na njia nzima nilijipongeza.

Binti yake alijifungua siku chache baadaye, kabla ya wakati tuliokuwa tukiutarajia. Alizaa alfajiri, mtoto wa kike, mzima na mwenye kelele. Shida ilikuja nyuma yake: kondo la nyuma liligoma kutoka, na damu ikaanza, si ya kumwagika ila ya kutokukoma. Nilifanya yote niliyofundishwa. Palipokucha nilijua anahitaji hospitali na daktari, na anahitaji siku ile ile.

Hospitali ya Lushoto ilikuwa karibu, lakini usiku ule mvua ilikuwa imeuporomosha mlima juu ya barabara kati ya Soni na Lushoto. Basi la asubuhi lilikwama ng'ambo, gari la hospitali hali kadhalika, na nguzo za simu zililala kwenye tope. Gari la wagonjwa lililobaki lilikuwa Korogwe, chini kabisa, mbele ya Mombo. Kijijini kwetu mwenye chombo cha kwenda huko alikuwa mimi peke yangu. Nilimwachia mhudumu mgonjwa, nikawaambia wanaume wamlaze kwenye machela wamshushe Soni, ili gari likifika lisipoteze muda kupanda kwetu. Binti alikuwa na akili zake timamu. Aliniambia nisimwambie baba yake nikimwona, atapata taabu bure.

Nilipopita Soni kibanda cha Fundi kilikuwa bado kimefungwa. Nilisimama pale kwa dakika kadhaa tu, nikachuna maganda ya mgomba nikaifunga injini. Nakumbuka nikivuta kamba huku nikijiambia kwamba ni afadhali kupoteza dakika hizi kuliko Mombo iikatae.

Nilishuka mlima vizuri. Nilipita Mombo vizuri. Nilipoingia tambarare kwenye barabara ya Korogwe, jua likiwa limekwisha kuwa kali na mkonge umejipanga pande zote mbili, pikipiki ilikohoa, ikakohoa tena, ikazima. Nilipiga kiki mpaka mguu ukakosa nguvu. Nilimwagia injini maji yangu ya kunywa. Nilipiga magoti kwenye lami nikamwomba Mungu, kisha nikaitukana ile pikipiki kwa maneno ambayo sikujua kwamba ninayo.

Gari la kwanza kupita lilichelewa sana. Lilikuwa lori la mkonge, na dereva wake, Mzigua mmoja mnene, alishuka akaitazama pikipiki yangu iliyofungwa migomba, akaniuliza hii ni mashine au ni mgonjwa wa mganga. Nilimweleza. Alikata kamba, akafungua kile kifuniko cha ubavuni ambacho sikuwahi kukiona kikifunguliwa, akachungulia. Kisha akaniita nione.

Ndani mlikuwa mmejaa grisi. Platini zinahitaji tone dogo tu, kwenye kile kipande kinachozunguka na kuzisukuma. Humu ilipakwa donge. Baridi ya juu ilikuwa imeishika pale ilipowekwa ikiwa ngumu, na joto la chini likaiyeyusha, ikarukia platini, ikaungua ikawa nyeusi kama masizi ya chungu. Dereva alizifuta kwa pindo la shati lake. Ikawaka, ikazima tena, maana platini zilikuwa zimekwisha kuungua.

"Nesi," aliniambia, "hii haikuingia yenyewe. Umegombana na nani?"

Tulipakia pikipiki juu ya mkonge nikaenda Korogwe kwa lori lile. Gari la wagonjwa lilipatikana, na daktari akaja pamoja nami. Tulipofika Soni jua lilikuwa linazama na watu walikuwa wamesimama barazani kwenye duka la maharage kwa namna ile ambayo mkunga anaijua kabla hajashuka garini. Machela ilikuwa chini imefunikwa khanga. Mumewe alikuwa amekaa kando yake amempakata mtoto.

Niliuliza baba yake yuko wapi. Ndipo nikasimuliwa. Machela ilipofika Soni, Fundi alikuwa anakunywa chai. Alimwona binti, akamshika miguu, akauliza Nesi yuko wapi. Wakamwambia Nesi amekwenda Korogwe kwa pikipiki kuleta gari. Wanasema aliuliza mara ya pili, kwa pikipiki gani. Kisha alitia bisibisi na kitambaa mfukoni, akaanza kushuka barabara ya Mombo kwa miguu, mbio mbio, mtu mzima vile. Binti alimwita. Watu walimwita wamwambie abaki na mwanawe. Hakugeuka. Na binti alikufa akimuulizia, baba yake akiwa mahali fulani kwenye kona za barabara ile, akitafuta pikipiki ambayo wakati huo ilikuwa juu ya lori.

Tulikuwa tumempita njiani bila kumwona. Alirudi usiku, miguu imechubuka, na wanawake waliokuwa kwenye kilio waliangua upya walipomwona. Tangu hapo milima yote ikawa inasimulia habari ya baba aliyekimbia kwa miguu mpaka Mombo kulifuata gari la mwanawe. Mchungaji aliitaja mazishini kama mfano wa upendo wa mzazi. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na harufu ya ile grisi ilikuwa bado kwenye mikono yangu.

Fundi hakuimba siku ile, wala siku nyingine yoyote. Kazi aliendelea nayo. Hakubadilika kuwa mtu mwema kama watu wanavyopenda kusikia: aliendelea kuwapa watu waya, na misumari iliongezeka. Ila hakuna pikipiki iliyokataliwa tena na Mombo, na watu waliendelea kufunga maganda ya mgomba wakisema siku hizi wanayafunga vizuri zaidi. Mimi pikipiki yangu ilitengenezwa Korogwe, na fundi wa huko alinifundisha platini mchana mmoja, wala haikuwa elimu kubwa. Sikurudi kwa Fundi tena. Tulipokutana njiani nilimpa shikamoo naye akaitikia marahaba, macho yake yakiwa kwenye kile kifuniko cha ubavuni. Hakuwahi kuuliza. Nami sikumwambia mtu, kwa sababu mtoto yule alibaki kulelewa na bibi na babu yake, na sikutaka akue akijua.

Miaka ilikwenda. Nilistaafu. Pikipiki za Kiingereza ziliisha moja moja, zikaja za Kijapani, na vijana wa Soni wakawa hawana haja ya gunia la mtu. Kisha siku moja yule mjukuu, sasa msichana mkubwa mwenye kucheka kama mama yake, alinifuata nyumbani akaniambia babu ni mgonjwa, hali chakula, na ameomba niitwe mimi. Niliona ajabu. Nilichukua mkoba wangu nikaenda.

Alikuwa kitandani amelala amevaa lile koti. Mwili ulikuwa umekwisha, imebaki shingo na macho. Nilimwamkia, akaitikia. Nilimpima mapigo ya moyo, ambayo hayakuwa na cha kupima. Alimwagiza mjukuu aende barazani akachambue maharage, akangoja mpaka tukasikia ungo.

"Siku ile," akasema. "Ilizimikaje?"

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo karibu maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyanoa usiku mwingi. Lakini nilipoutazama ule mkono juu ya blanketi, msafi, kucha zimekatwa, unesi ukanishinda. Nilimwambia petroli ilikuwa na maji. Nilimwambia nilijaza Mombo kwenye pipa lililokaa mvuani, na kwamba dereva aliyenisaidia alimwaga tangi akayaona mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani kwa muda mfupi sana aliniamini, maana kifua chake kilishuka. Kisha akatikisa kichwa.

"Petroli yenye maji inazima injini kwa ghafla," alisema. "Yako ilikohoa kwanza. Haikukohoa?"

"Ilikohoa."

"Basi usinitibu, Nesi. Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya kifuniko, ya grisi nyeusi, ya shati la dereva, na saa tulizokaa pale kwenye jua. Sikupunguza wala sikuongeza. Alikuwa akitazama dari, midomo inacheza kama mtu anayehesabu kimoyomoyo.

"Nilipaka kidogo," akasema. "Nilitaka usukume tu. Nilipaka kidogo."

Ningeweza kunyamaza. Mtu wa kufa kesho, na ugomvi wetu umezeeka kuliko yule msichana barazani. Lakini nilimkumbuka mama yake akiniambia nisimwambie baba atapata taabu, na sikujizuia.

"Hukupaka kidogo, Fundi," nikasema. "Ilikuwa imejaa."

Aligeuza uso ukutani, na mgongo wa koti ukaniangalia badala yake. Nilifunga mkoba wangu nikatoka. Mjukuu alinyanyuka na ungo wake, akaniuliza babu alikuwa akitaka nini. Nikamwambia alitaka kunisimulia ile safari yake ya Mombo, jinsi alivyokimbia kumfuatia binti yake gari. Uso wake ukang'aa, akasema kwamba hilo huwa hamsimulii mtu, na kwamba atakwenda kumwomba amsimulie na yeye. Nikamwambia aende, babu yuko macho.